Joto la Saa Sita: Shajara ya Vinasa Joto vya Jambiani

Januari 2024, Rajabu

Vinasa joto vyote vitatu vimeshaingia majini hapa Jambiani, kijiji cha pwani ya mashariki ya Unguja. Cha kwanza kipo kwenye mashamba ya mwani upande wa pwani, pale ambapo maji yakipwa hubaki ya kifundo cha mguu. Cha pili kipo karibu na mlango wa mwamba, ambako maji hayakauki hata bamvua (kujaa na kupwa kukubwa kwa mwezi mchanga na mwezi mpevu) likiwa kubwa. Cha tatu kipo nje, upande wa bahari kuu, kimefungwa kwenye tofali la saruji kando ya matumbawe, kina cha mita kumi hivi. Kila kimoja kinaandika joto la maji kila nusu saa, usiku na mchana, na betri zitafika mpaka upepo wa kusi ushike.

Kabla ya kuvipeleka tulinunua barafu kwa wauza samaki, tukaiponda ndani ya ndoo, tukatia maji matamu kidogo na kukoroga, kisha tukavizamisha vyote pamoja. Maji yenye barafu inayoyeyuka hukaa kwenye nyuzi sifuri, kwa hiyo chombo kinachosoma vibaya hujulikana hapo hapo. Vyetu vilikubaliana. Watoto waliokuja kutazama wakagawana barafu iliyobaki.

Kazi iliyotuchukua muda ni ya kivuli. Chombo kidogo cheusi kikiachwa wazi adhuhuri kwenye maji machache huchomwa na jua moja kwa moja na kusoma joto kubwa kuliko la maji yaliyokizunguka. Kwa hiyo kila kimoja tumekitia ndani ya kipande cha bomba jeupe la plastiki, tumelitoboa matundu pande zote ili maji yapite. Vile viwili vya ndani, mabomba yake tumeyafunga kwenye nondo zilizopigwa nyundo hadi zikagoma.

Kwa nini Jambiani? Kilimo cha mwani cha biashara kilianzia hapa na kwa jirani zetu wa Paje mwaka 1989, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino, na nyuma yake ulikuwepo utafiti wa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulioanza miaka ya 1970. Kuna nyumba hapa zimeezekwa kwa fedha ya mwani, na watoto wamesomeshwa kwa fedha hiyo hiyo. Aina zinazolimwa ni mbili: mwani mnene, ambao mnunuzi huulipia zaidi, na mwani mwembamba, wenye bei ndogo. Ule mnene ndio ulioshindwa kwanza. Umekuwa ukifa katika maji machache ya pwani hii msimu baada ya msimu, hadi wakulima wengi wakauacha. "Maji yamekuwa moto," ndivyo utakavyoambiwa na yeyote utakayemuuliza. Mradi huu unataka kujua: moto kiasi gani, saa ngapi, na siku zipi.

Setilaiti haiwezi kulijibu hilo. Ramani za joto la bahari zinazotegemewa zaidi duniani katika kufuatilia matumbawe, zile za NOAA, shirika la Marekani la bahari na hali ya hewa, zina miraba ya kilomita 5 kwa 5 na hutumia vipimo vya usiku peke yake. Kwa bahari kuu ni ramani nzuri sana na mimi huzitazama kila wiki. Lakini ndani ya mraba mmoja wa namna hiyo yanaingia mashamba yetu, mwamba, na kipande cha bahari kuu, vyote kwa namba moja, na adhuhuri haimo kabisa.

Februari, Shaabani

Tumeshusha data ya kwanza. Vyombo ni vizima. Bomba la kituo cha pwani limeshaota utando wa kijani na konokono wadogo wamehamia ndani, tumelisugua kwa mswaki na kulirudisha.

Hatua ya kwanza ni ile ya kawaida, wastani wa kila siku. Kwa wastani, vituo vitatu vinakaribiana mno. Mtu akioneshwa mchoro ule peke yake ataamini kwamba mwani wa pwani unaishi katika maji yale yale yaliyoko nje kwenye matumbawe. Kisha tukachora nusu saa kwa nusu saa, na mambo yakawa mengine kabisa. Mstari wa nje ya mwamba umelala, usiku na mchana havipishani sana. Mstari wa pwani umejaa milima. Adhuhuri nyingine unapaa nyuzi kadhaa juu ya ule wa nje, halafu maji yanapoanza kujaa unaporomoka kwa ghafla, kwa kuwa maji ya bahari kuu yameingia. Usiku, maji yakipwa tena, kidimbwi kile kile hupoa haraka na kushuka chini ya joto la nje. Kilichozidi mchana kinafidiwa na kilichopungua usiku, ndiyo maana wastani unatoka sawa. Lakini mwani haupati wastani. Saa zile za mchana unazipitia zote, na mwani mnene hustawi katika maji ya nyuzi 25 hadi 30.

Jambo jingine ni kwamba milima hiyo haitokei kila siku. Inakuja kwa makundi, siku tatu nne mfululizo, kisha maji yanatulia siku nyingi, kisha kundi jingine. Na kilele chake hakiangukii siku ya mwezi mpevu wala siku mwezi unapoandama. Kinachelewa kidogo.

Nilimpelekea mchoro bibi mmoja ambaye ameshika kamba za mwani tangu ujana wake. Aliutazama kwa utulivu, akaweka kidole juu ya kilele cha kwanza.

"Hii mwezi ngapi?"

Nikamtajia tarehe ya Januari.

"Hiyo ya ofisini, mwanangu. Mwezi ngapi?"

Tukahesabu kwa vidole mpaka tukaufikia: mwezi kumi na sita Rajabu, yaani siku ya kumi na sita tangu mwezi uandame. Akasogeza kidole kwenye kundi la pili. Mwezi pili na mwezi tatu Shaabani. "Basi," akasema, "hizo ndizo siku maji yanakupwa pamoja na adhana ya adhuhuri. Siku hizo sisi nyayo zinaungua."

Yote yamo mle. Katika pwani hii, siku ya mwezi mpevu na siku mwezi unapoandama, maji huwa yamekupwa kabisa kiasi cha saa nne asubuhi, na jua bado halijakomaa. Kila siku inayofuata kupwa huchelewa, kwa wastani dakika 50 kwa siku. Ikifika siku ya pili au ya tatu maji yanakupwa saa sita, na kwa kuwa bamvua bado halijaisha yanakupwa sana. Jua liko utosini, maji ni ya kifundo, na upepo wa kaskazi ukilala hakuna hata kinachoyatikisa. Siku za maji mafu ni kinyume chake: maji yanakupwa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hayapungui sana.

Tumeamua kulipanga upya jedwali lote kwa tarehe za mwezi wa kuandama. Tarehe za Januari na Februari zimebaki kwenye safu ya pembeni kwa ajili ya wenzetu wa maabara. Tangu tulipofanya hivyo makundi ya joto yamejipanga yenyewe, moja chini ya jingine, kati ya mwezi 2 na mwezi 4, na kati ya mwezi 16 na mwezi 18. Maji haya yanaendeshwa na mwezi, na wanaoyafanyia kazi kila siku wanahesabu kwa mwezi. Sioni sababu ya kuwapelekea majibu kwa kalenda ambayo hawaitumii wakiwa pwani.

Machi, Ramadhani

Huu ndio mwezi tuliokuwa tukiuogopa. Zanzibar iko nyuzi 6 hivi kusini ya ikweta, na mwanzoni mwa Machi jua hupita juu ya vichwa vyetu kabisa. Karibu na Machi 20, usiku na mchana vinapolingana, bamvua huwa kubwa kuliko ya miezi mingi. Mwaka huu bamvua hilo limeangukia katikati ya Ramadhani. Tena kaskazi ndiyo majira ambayo Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki, unaokwenda kaskazini mwaka mzima, hupungua kasi kwa kupingwa na upepo, na maji ya juu hukaa yakipata joto. Juu ya yote hayo kuna El Niño iliyoanza mwaka jana.

Kabla ya mfungo tuliwagawia wakulima vipande vya kitambaa chekundu. Mkulima akiona tawi limeanza kupauka anafunga kitambaa kwenye kamba hiyo, na sisi tukipita tunaandika mwezi ngapi na kamba ya shamba gani. Hakuna fomu ya kujaza, na mtu mwenye mikono iliyolowa hahitaji kalamu.

Vitambaa vya mwanzo vilitokea siku chache baada ya kundi la joto la mwezi 2. Baada ya mwezi 16 vikawa vingi hadi mashamba ya upande wa pwani yakaonekana yamepambwa. Nilichukua tawi moja la mwani mnene nikaliweka kwenye kiganja. Ncha zake bado zilikuwa na rangi ya kahawia, laini na zenye kuteleza. Katikati, urefu wa pingili ya kidole, palikuwa peupe, pamelainika, na ukipaminya panatoka majimaji. Pale ndipo linapokatikia. Mwani uliochoshwa na joto hudhoofika, bakteria wanapata pa kushika, na sehemu ile inaoza huku ncha ikionekana nzima. Wimbi likija, ncha nzima ile inachukuliwa na maji. Kwa hiyo mkulima hapotezi sehemu iliyoungua tu, anapoteza na iliyo nzima.

Vitambaa karibu na mlango wa mwamba ni vichache mno. Tofauti ya joto kwa wastani wa siku kati ya hapo na pwani ni ndogo, kama nilivyoandika mwezi uliopita. Tofauti ya adhuhuri ndiyo kubwa.

Nje ya mwamba tulizama kukitazama kinasa joto cha tatu, na hapo moyo wangu ulishuka. Huko hakuna milima ya adhuhuri. Kuna joto lililopanda polepole na likakataa kushuka, wiki baada ya wiki, hata usiku. Matumbawe ya matawi yamepauka. Moja nililikaribia hadi kioo cha miwani kikakaribia kuligusa: upande wa juu mweupe kabisa, upande wa chini wenye kivuli bado una kahawia yake, na mpaka kati ya rangi hizo unaonekana wazi. Matumbawe makubwa ya mviringo yamekuwa na rangi ya njano hafifu, ila bado hayajawa meupe.

Tumbawe jeupe bado si maiti. Ndani ya nyama yake huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, na huo ndio unaolitengenezea sehemu kubwa ya chakula kwa nguvu ya jua na kulipa rangi. Maji yakizidi joto, mwani huo huanza kutoa sumu na tumbawe hulazimika kuutoa. Nyama yake inabaki angavu, mifupa inaonekana. Maji yakipoa mapema, mwani hurudi na tumbawe hupona. Yakichelewa, hufa kwa njaa. Wanasayansi wa NOAA hulipima jambo hili kwa kujumlisha: nyuzi 1 juu ya wastani wa mwezi wenye joto zaidi, ikidumu wiki 4, hupausha matumbawe, na ikidumu wiki 8 huanza kuyaua.

Kwa hiyo tuna majoto mawili, na hili nataka lieleweke kwa kila atakayetumia data yetu. La mashambani ni la saa chache, kali, linakuja kwa tarehe za mwezi. La mwambani ni la wiki nyingi, si kali sana, na haliondoki. Anayeyachanganya ataagiza dawa ya moja kwa mgonjwa wa jingine.

Aprili, Mfunguo Mosi

Wiki ya Iddi. Aprili 15, NOAA pamoja na Mpango wa Kimataifa wa Miamba ya Matumbawe wametangaza kwamba dunia imo katika upaukaji wa nne wa matumbawe wa kidunia, wa pili ndani ya miaka 10. Tanzania imetajwa, pamoja na Kenya, Mauritius na Seychelles. Nilipolisoma tangazo hilo nilifikiria lile tumbawe la rangi mbili.

Wazee wa hapa wanaukumbuka mwaka 1998, mwaka wa kwanza wa namna hii, ambapo inakadiriwa asilimia 16 hivi ya matumbawe ya dunia yalikufa. Mvuvi mmoja wa madema alinieleza kwamba kuna kifusi huko nje ambacho yeye alikijua kikiwa matumbawe hai, na tasi walikuwa wanatoka humo. Aliniomba tuweke kinasa joto hapo pia. Tutakiweka.

Masika yamekuwa mazito. Mawingu yamesaidia mashamba, adhuhuri zimepungua ukali. Mvua nayo ina lake, maji matamu yakijikusanya juu ya kidimbwi mwani haupendi, lakini chumvi hatukuipima kwa mpango, kwa hiyo sitaandika zaidi ya hapo.

Mei, mwisho wa Mfunguo Mosi

Kimbunga Hidaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari mapema, boti za Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa, wavuvi wakapandisha vyombo juu. Mei 4 kimbunga kilifika kisiwa cha Mafia kikiwa kimepungua nguvu. Huku kwetu tulipata upepo na mawimbi, na bahati kubwa ilikuwa mwezi: bamvua lilikuwa bado siku chache, maji hayakuja na urefu wake wote. Kamba nyingi zilikatika, ila mbegu za karibu na pwani zilisalimika.

Tofali la nje hatukulikuta mahali pake. Tulilitafuta pande zote za mwamba bila mafanikio. Data yake tulikuwa tumeishusha Aprili, kwa hiyo kilichopotea ni wiki za mwisho, wiki ambazo bahari ilianza kupoa. Vile viwili vya ndani vimeendelea kufanya kazi.

Kusi imeshashika. Joto katika mlango wa mwamba linashuka, na kule pwani milima imekuwa vilima.

Juni, Mfunguo Pili

Kikao cha matokeo tumekifanya chini ya banda la kukaushia mwani, alasiri, baada ya maji kujaa. Tulileta karatasi moja kubwa: safu 30, moja kwa kila siku ya mwezi wa kuandama, na saa za mchana kwenda chini. Kila nusu saa ina rangi. Mtu asiyesoma namba aliona madoa mawili mekundu na akayataja mwenyewe, mwezi tatu na mwezi kumi na saba. Vitambaa tuliviandika juu yake kama nukta, na nukta zimejaa upande wa kulia wa kila doa, yaani siku zinazofuata.

Swali la kuhamia maji ya kina likaja, kama linavyokuja kila kikao. Ni kweli kwamba huko mwani hauchomwi na adhuhuri. Dk. Flower Msuya, mtafiti wa mwani, ameshafanya kazi na wakulima wa Zanzibar juu ya neti za mfano wa bomba ambazo hushika mwani kwenye maji marefu, na mimi naamini njia hiyo ina faida. Lakini wengi wa wakulima hawa ni wanawake ambao hawakufundishwa kuogelea, hawana dau wala ngalawa, na kazi yao huifanya kwa miguu, kati ya kupika na kuchukua watoto chuoni. Kumwambia mama wa namna hiyo "hamia kina" bila ya chombo, jaketi la kuokolea na mwalimu wa kuogelea ni kumpa mzigo na kumwita mzembe akishindwa kuubeba. Nimeyaandika hayo kwenye ripoti kwa maneno hayo hayo.

Wao walileta wazo lao. Mbegu changa ndiyo inayokufa kwanza. Sasa hivi watu hupanda bamvua linapoanza, mwezi 14 au 15, kwa sababu asubuhi ndefu ya maji kupwa inawapa nafasi. Mbegu hiyo haijakaa siku tatu inakutana na saa sita. Je, ikipandwa bamvua linapoondoka, mwezi 5 na mwezi 19, si itapata siku nyingi za maji mafu kujishika kabla ya joto jingine? Siku hizo maji hukupwa baada ya adhuhuri na muda wa kufanya kazi ni mfupi, lakini walisema unatosha kwa kamba chache.

Ndilo jaribio la kaskazi ijayo. Kila mkulima aliyekubali atapanda kamba za namna mbili katika shamba lake mwenyewe, nusu mwanzoni mwa bamvua na nusu mwishoni, mnene na mwembamba, zote kwenye umbali mmoja kutoka pwani. Vitambaa vitakuwa vya rangi mbili ili visichanganyike. Vinasa joto vinarudi majini Novemba: viwili mahali pake pa zamani, kimoja kipya nje kwenye chuma kilichochimbiwa ndani ya mwamba mfu badala ya tofali, na cha nne kwenye kile kifusi cha mvuvi wa madema. Safari hii tutapima na chumvi, kila tarehe ya kwanza na ya kumi na tano ya mwezi wa kuandama, na zaidi mvua kubwa ikinyesha.